Shajara ya Kuokoa Diski ya Mwalimu

Siku ya 1

Diski imefika leo asubuhi ikiwa imeviringishwa kwenye taulo. Ni diski kuu ya inchi 2.5 yenye ujazo wa terabaiti 1, ya zile za kubeba mkononi zinazochomekwa kwa waya wa USB, na ndani yake mna kazi ya miaka 11 ya mwalimu mstaafu aliyekuwa akiwarekodi wazee wakisimulia ngano: takriban saa 410 za sauti, picha za wasimulizi, video kadhaa, na hati moja ya faharasa inayoeleza nani alisimulia nini na lini. Nakala ya akiba haipo. Aliponikabidhi nilimuuliza, “Mwalimu, ni faili lipi ambalo likipotea, mengine yote yanapungukiwa maana?” Akajibu bila kusita, “Faharasa, mwanangu. Sauti isiyo na jina la msimulizi ni sauti ya nani?” Naliweka jibu hilo juu kabisa ya shajara hii kwa kuwa ndilo litakaloamua nini kisomwe kwanza.

Diski ilianguka kutoka mezani ikiwa inazunguka. Baada ya hapo kompyuta ikawa inauliza kama ifomatiwe, naye akakataa, jambo ambalo limetuokoa. Hata hivyo, mtu aliyetaka kumsaidia aliiendeshea programu ya kurekebisha mfumo wa mafaili usiku kucha. Programu za aina hiyo hazikuundwa kwa ajili ya diski mgonjwa: kazi yake ni kuufanya mfumo wa mafaili ukubaliane na nafsi yake, hata ikibidi kufuta kumbukumbu zisizosomeka, na mabadiliko hayo huandikwa juu ya diski ileile inayokata roho.

Niliipa umeme kwa sekunde chache huku nimeitegea sikio. Mota ilizunguka, vichwa vya kusomea data vikatoka, na hapakuwa na mlio ule wa ta, ta, ta unaorudiwa kwa mdundo mmoja. Kama ungekuwapo, kazi hii ingeishia hapo na diski ingepelekwa kwenye maabara yenye chumba kisicho na vumbi, kwa sababu kichwa cha diski huelea juu ya sahani, penye data, kwa kimo cha nanomita chache tu, na chembe ya vumbi yenye upana wa mikromita moja ni kubwa kuliko kimo hicho mara mia kadhaa. Mwalimu aliniuliza pia kuhusu kuiweka diski kwenye friza, maana ameambiwa hivyo na watu wawili. Nimemwomba asiwasikilize: diski iliyotoka kwenye baridi kali hufanya unyevunyevu juu ya sahani, na kichwa kinachopita juu ya tone la maji hakiponi.

Nimeitoa kwenye kasha lake. Chini ya adapta ndogo ya USB pana soketi ya kawaida ya SATA, ile ya diski za ndani ya kompyuta, kwa hiyo naweza kuiunganisha moja kwa moja. Baadhi ya makasha husimba data kwa chipu iliyo kwenye adapta, na diski ikitolewa humo huonyesha takataka tupu. Hii haina tatizo hilo, kwani sekta ya kwanza (sekta ni kipande kidogo kabisa ambacho diski husoma kwa mara moja) inamalizika kwa baiti 55 AA kama inavyotakiwa, na mwanzoni mwa sehemu yenye data yanasomeka maandishi NTFS, jina la mfumo wa mafaili wa Windows.

Taarifa za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe zinasema hivi: kipengele cha 5, sekta zilizohamishwa, ni 96, kipengele cha 197, sekta zinazosubiri kuamuliwa, ni 1,480, kipengele cha 199, makosa ya mawasiliano kupitia waya, ni sifuri. Waya hauna lawama. Tatizo limo ndani ya diski.

Siku ya 2

Nimefanya kosa, na naliandika kama lilivyo. Nilizima kwanza uwezo wa mfumo wa uendeshaji wa kuifungua diski yenyewe, nikaandaa diski mpya ya terabaiti 4 ya kupokea nakala pacha, kisha nikaanzisha GNU ddrescue, programu ya kuokoa data ya Antonio Díaz Díaz, kwa amri hii:

ddrescue -d -b 4096 -n /dev/sdb mwalimu.img mwalimu.map

Nikaiacha isome kuanzia baiti ya kwanza kuelekea ya mwisho, kana kwamba diski nzima ina thamani sawa. Mwendo ulipanda hadi megabaiti 100 kwa sekunde, ukaporomoka hadi kilobaiti 30, ukapanda tena, ukaporomoka tena. Baada ya dakika 40 nilisimamisha kazi na kuifungua ramani.

Faili hilo la ramani ndilo shajara halisi ya mradi huu, hii ninayoandika ni maelezo yake tu. Kila mstari una mahali palipoanzia, urefu, na alama moja: alama ya kujumlisha kwa kilichosomwa, ya kuuliza kwa kisichoguswa, kinyota na mkwaju kwa vipande vilivyorukwa na vinavyongoja kurudiwa, na kistari kwa sekta iliyojaribiwa peke yake ikakataa. Nilipoichora ramani hiyo kwa rangi, mchoro ulijieleza wenyewe: mikanda mitatu iliyosomeka vizuri, mmoja mbovu, mitatu mizuri, mmoja mbovu, kwa mpangilio usiobadilika. Diski hii ina sahani mbili na vichwa vinne, kimoja kwa kila uso. Kichwa kimoja kimeumia katika kuanguka kule. Sahani zenyewe huenda hazina mkwaruzo wowote.

Mikanda hiyo ilibadilisha mpango wote. Kichwa dhaifu hakijafa, ila kila kinapohangaika na sekta ngumu kinarudia na kurudia ndani ya diski kabla ya kukiri kwamba kimeshindwa, na kila marudio ni uhai unaotumika. Dakika 40 za leo zimetumika kwa sehemu kubwa kusoma nafasi ambayo huenda haina faili lolote.

Siku ya 3

Leo nimesoma kwa shabaha. Diski ina baiti 1,000,204,886,016, lakini mfumo wa NTFS unajua ni zipi zinazotumika, na ujuzi huo umehifadhiwa kwenye faili lake la ndani liitwalo $Bitmap, ambamo kila klasta (fungu la nafasi kwenye diski) ya baiti 4,096 ina biti moja: 1 ikiwa imekaliwa, 0 ikiwa tupu. Kwa diski ya ukubwa huu faili hilo lina takriban megabaiti 30.5. Nilikisoma kwanza kipande cha mwanzo, kisha jedwali kuu la mafaili, MFT, ambalo hapa linaanzia klasta ya 786,432, yaani kama gigabaiti 3.2 ndani ya sehemu yenye data. Kila kumbukumbu humo ina baiti 1,024 na huanza kwa herufi FILE, kwa hiyo hata jicho la binadamu linaweza kuzifuata katika dirisha la heksadesimali. NTFS huweka pia nakala ya MFT mahali pengine, lakini nakala hiyo hubeba kumbukumbu nne za kwanza tu, si jedwali zima kama wengi wanavyodhani.

Bahati ilikuwa upande wetu: jedwali karibu lote limeangukia chini ya vichwa vizima, na $Bitmap imesomeka yote. Kutokana nayo nimeunda ramani ya pili inayoiambia ddrescue iguse klasta zilizokaliwa pekee. Kazi imepungua kutoka gigabaiti 1,000 hadi 638.

Siku ya 4 na ya 5

Vichwa vitatu vizima vimemaliza sehemu yao. Nimeongeza kiasi cha kuruka, ili programu ikikutana na kosa iruke mbali mpaka nje ya mkanda mbovu badala ya kujikongoja humo. Gigabaiti 507 zimo kwenye nakala pacha. Zimebaki 131, karibu zote za kichwa kilichoumia.

Nyaraka za maneno zimo katika zilizosomwa, isipokuwa faharasa. Jedwali linaonyesha kwamba klasta zake nyingi zimeangukia kwenye mkanda mbovu.

Siku ya 6

Nimeanza na faharasa peke yake. MFT inataja klasta zake, kwa hiyo nimeiandikia ramani ndogo isiyogusa kitu kingine. Faili lina klasta 331. Zimesomeka 330. Iliyokataa ni moja, karibu na katikati, nami nimeirudia mara tatu tu kisha nikaondoka. Kishawishi cha kuendelea kuigonga klasta hiyo kilikuwa kikubwa, ila gigabaiti 131 za watu wengine bado zinangoja pumzi hiyohiyo.

Jioni nimeanza sauti. Nimeelekeza feni kwenye diski, na joto lake, kwa kipengele cha 194, limeshuka kutoka nyuzi 47 hadi 36. Kichwa dhaifu kinasoma vizuri zaidi kikiwa hakijachoka kwa joto: mwendo wa megabaiti 2 kwa sekunde umedumu kwa saa nne bila kukatika.

Siku ya 7 hadi ya 9

Saa tatu za kusoma, saa moja ya kupumzika, mchana na usiku. Kusoma kutoka mwisho kuelekea mwanzo kumesaidia kuliko nilivyotarajia, kwa sababu eneo bovu likikaribiwa kwa upande wa pili, sekta zilizo ukingoni mwake hupatikana kabla kichwa hakijakwama. Jioni ya siku ya 9 yalikuwa yamebaki gigabaiti 9.4, na usiku huo yakashuka hadi 1.1.

Siku ya 10

Nimeruhusu sasa awamu ya kukwangua, ambamo programu hurudi kwenye vipande vilivyorukwa na kujaribu sekta moja baada ya nyingine. Ni kazi ya polepole na inaichosha diski kuliko zote, ndiyo maana imewekwa mwisho. Kilichobaki kimefikia baiti 86,016,000, yaani sekta 21,000 za baiti 4,096. Kwa hesabu ya asilimia, zaidi ya 99.98 ya kazi ya Mwalimu imepatikana. Sikumpigia simu kumpa tarakimu hiyo. Asilimia haisemi shimo limeangukia wapi, na klasta moja ya faharasa inaweza kuwa na uzito kuliko maelfu ya video.

Siku ya 11

Saa 10 alfajiri niliamshwa na mlio niliokuwa nikiuogopa: ta, ta, ta, kimya, kisha tena. Nilichomoa umeme kabla sijawasha taa.

Ningeweza kuiwasha mara moja zaidi, na pengine ingesoma sekta mia nyingine. Sitafanya hivyo. Kichwa kinachogonga kinaweza wakati wowote kugusa sahani na kukwangua tabaka la sumaku lililobeba data, na mkwaruzo ukishatokea hakuna maabara ya kuurudisha. Diski iliyoharibika vingine vyote bado ina tumaini ikiwa sahani zake ziko salama. Diski iliyookotwa kati ya mabaki ya chombo cha anga cha Columbia, kilichosambaratika Februari 2003, ilikuwa na bodi ya saketi iliyoungua vibaya, lakini sahani zilikuwa zimenusurika, na wataalamu walisoma takriban asilimia 99 ya data yake. Nataka ya Mwalimu ibaki katika hali ya kutibika.

Nimempigia simu asubuhi. “Imenyamaza, Mwalimu, lakini imenyamaza ikiwa imesema karibu yote.” Akauliza kama faharasa imo. Nikamwambia imo na jeraha moja.

Siku ya 12

Kabla ya kugusa chochote nimeichukulia nakala pacha alama ya uhakiki ya SHA-256, kisha nikaitolea nakala ya pili. Kazi yote kuanzia leo inafanyika juu ya ile ya pili.

Swali la leo ni mafaili yapi yana mashimo. ddrescue ina njia nzuri ambayo nadhani haitumiki inavyostahili: inaweza kujaza kila sekta isiyosomeka kwa maandishi unayoyachagua. Nimechagua neno HAISOMEKI likifuatwa na nafasi moja. Kisha nimeifungua nakala kwa kusoma tu na kulitafuta neno hilo ndani ya kila faili. Faili lenye neno lina shimo. Lisilo nalo ni zima. Yamepatikana mafaili 74 ya sauti, picha 310, video 19, na hati moja tuliyokwisha kuijua. Video zimemeza sehemu kubwa ya sekta zote.

Siku ya 13

Sauti zimerekodiwa kama WAV, mkondo mmoja, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16. Hiyo ni baiti 88,200 kwa sekunde, kwa hiyo sekta moja iliyopotea ni sekunde 0.046, pengo ambalo msikilizaji asiyeambiwa anaweza asilitambue. WAV haibanwi wala haitegemei kilichotangulia. Baada ya shimo, sauti inaendelea kama kawaida.

Nilicheka peke yangu nilipofungua faili la kwanza, kwa sababu shimo lilikuwa linasikika: mpasuko, na ndani yake mluzi mwembamba mkali. Neno langu lina baiti 10 pamoja na nafasi yake, sawa na sampuli 5, na sampuli 5 zinazojirudia katika mwendo wa 44,100 hutoa mlio wa hezi 8,820. Nilikuwa nasikiliza HAISOMEKI. Nimeyageuza mashimo yote ya sauti kuwa kimya, na yale mafupi sana nimeyaunganisha kwa mstari kutoka sampuli ya mwisho iliyopo hadi ya kwanza inayofuata, huku mafaili ya awali yakibaki bila kuguswa kwenye folda yake.

Pengo refu kuliko yote ni la sekta 40 mfululizo, sekunde 1.86. Limeangukia katikati ya ngano, na linaondoka na maneno matatu au manne.

Siku ya 14

Picha hazisamehe kama sauti. JPEG imebanwa, na baiti zinazofuata shimo zinasomwa kwa kutegemea zilizotangulia, kwa hiyo sekta moja tu ikipotea, uso wa msimulizi huenda ukatokea mzima hadi puani, kisha chini yake rangi zikahama na picha ikavunjika vipandevipande. Katika picha 12 shimo limeangukia mwanzoni kabisa, penye majedwali ya kufasiria faili zima. Hizo nimezitibu kwa kuazima sehemu ya mwanzo ya faili la picha nyingine iliyopigwa na kamera ileile kwa vipimo vilevile, tisa zimefunguka. Kwa nyingine kadhaa kilichobaki ni kijipicha cha saizi ya ukucha ambacho kamera hukiweka ndani ya faili lenyewe. Afadhali uso mdogo kuliko kukosa uso.

Video nimeziorodhesha na kuziacha. Zinachezeka zikiwa na kukatikakatika, na Mwalimu ameniambia mara mbili kwamba hazimsumbui.

Siku ya 15

Faharasa. Hati ya aina hii kwa ndani ni faili la ZIP, yaani mkoba wa mafaili yaliyobanwa, huanza kwa herufi PK, zilizotokana na jina la mwanzilishi wa muundo huo, Phil Katz, na maandishi yote hukaa ndani yake kama kipande kimoja kilichobanwa. Klasta iliyopotea imekata kipande hicho. Nimeweza kukamua maandishi mpaka kwenye jeraha, nayo yanaishia mwaka wa sita. Miaka mitano iliyobaki ipo kwenye baiti ambazo ninazo mkononi lakini hazifasiriki.

Msaada umetoka mahali nilipokuwa nimepalaumu. Ile programu ya kurekebisha, usiku ule, iliacha folda iitwayo found.000 yenye vipande ambavyo haikujua pa kuviweka, vikipewa majina ya namba na kiambishi CHK. Nimevifungua kimoja kimoja. Cha saba kinaanza kwa PK. Nilikibadilisha jina, kikafunguka: ni toleo la awali la faharasa, zima, lenye kila kitu isipokuwa miezi mitatu ya mwisho. Sijabadili maoni yangu kuhusu kuiendesha programu hiyo juu ya diski mgonjwa, lakini haki iandikwe.

Siku ya 17

Mwalimu amekuja, tumekaa siku nzima na spika mbili ndogo. Miezi mitatu inayokosekana ina rekodi 23, na kumbe kila rekodi aliifungua kwa kutaja jina la msimulizi, tarehe na jina la ngano, tabia aliyojijengea darasani. Amesikiliza sekunde kumi za mwanzo za kila moja na kuandika upya mistari 23 kwa mkono wake. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo shimo limeangukia mwanzoni.

Tulipofika kwenye lile pengo la sekunde 1.86, alifumba macho, sauti ikakatika, naye akayataja maneno yaliyopotea kabla msimulizi hajarudi. Nilimuuliza kama ayarekodi kwa sauti yake tuyajaze. “Hapana, mwanangu. Yaandike kwenye orodha ya mashimo, useme ni mimi niliyeyakumbuka.” Yameandikwa hivyo.

Amekabidhiwa diski mbili zenye mafaili yaleyale, kila moja na orodha ya SHA-256 ya mafaili yote na orodha ya mashimo kwa majina na dakika. Moja itakaa kwake na nyingine kwa binti yake. Diski ya awali nimeifunga kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, nikabandika juu yake karatasi isemayo kichwa kimoja kati ya vinne kimeumia, inagonga, isiwashwe, na nikaweka pamoja nayo nakala ya mwalimu.map, ili maabara ikihitajika siku moja ianze kwenye sekta 21,000 zilizobaki.